Jina Lililobaki Getini

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dawa wala sindano. Matroni wa hospitali yetu, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi shingoni, alinikuta mlangoni mwa wodi ya wanaume nimevaa sare mpya inayonukia wanga. Akaniuliza chuoni nilifundishwa nini kuhusu kutoa dawa. Nikazitaja zile haki tano ambazo kila muuguzi hulala nazo na kuamka nazo: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nilizimimina bila kupumua, nikasubiri sifa.

"Vizuri," akasema. "Tuchukue hiyo ya kwanza. Mgonjwa sahihi utamjuaje?"

"Nitamwuliza, Matroni."

"Utamwulizaje?"

"Nitamwuliza, wewe ndiye Bundala?"

Alinishika mkono kama anayempeleka mtoto shule, tukaenda hadi kwa mzee mmoja mkulima wa pamba aliyekuwa anasubiri kupasuliwa ngiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Samahani, baba. Wewe ndiye Askofu?"

Mzee alimtazama Matroni, akaitazama sare yangu, akaitazama trei iliyokuwa kando, kisha akasema kwa adabu zote, "Eeh."

Matroni akamshukuru, akamfunika shuka vizuri, tukatoka koridoni. "Umeona? Huyu analima pamba. Lakini ukimwuliza hivyo atakuwa Askofu, atakuwa Bundala, atakuwa yeyote unayemtaka. Usimtajie mgonjwa jina lake. Mwache akutajie yeye."

"Kwa nini amekubali, Matroni?"

"Kwa sababu amelelewa. Wewe umevaa nyeupe na una sindano. Atakukataliaje?"

"Na kwa nini asiseme tu kwamba hakusikia vizuri?"

Matroni akavua miwani, akaisafisha kwa pindo la gauni. "Mwanangu, una kwa nini nyingi. Zitakusaidia au zitakufukuzisha kazi, sijui kipi kitatangulia." Kabla ya zamu kwisha wenzangu walikuwa wananiita Sista Kwa Nini, na ndilo jina nililostaafu nalo. Wako watu niliofanya nao kazi miaka na miaka ambao hawakuwahi kulijua jina langu la nyumbani.

Niseme pia kwamba mimi ni Mjita, mtoto wa kando ya ziwa upande wa Mara. Kwetu ni dagaa na mihogo. Usukumani nilifika kwa barua ya ajira, sikuijua lugha wala desturi, kwa hiyo kila nilichokiona nilikiuliza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ingawa hawakusema kama ni kuudhi. Ulimi wangu nao ulikuwa na vituko vyake. Nikiita wagonjwa wa kliniki, Lubango aligeuka Rubango, na Marwa akawa Malwa. Siku moja wakasimama watu wawili kwa jina moja. Matroni akaniamuru niwe natamka majina herufi kwa herufi, mbele ya watu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliona aibu sana, lakini tabia hiyo haijanitoka mpaka leo.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mmezikuta kanuni za wageni zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, mnadhani zilishuka na mvua. Hazikushuka. Kila kanuni ina mtu aliyeisababisha. Kanuni ya kutogusa vifaa vya mgonjwa ililetwa na kwaya. Mpiga ngoma wao alivunjika paja, tukamvuta mfupa kwa njia ya wakati ule, yaani kamba inapita kwenye gurudumu dogo miguuni mwa kitanda na mifuko ya mchanga inaning'inia, ili uzito uunyooshe mfupa taratibu. Kwaya nzima ikaja kumwona, wakaimba mpaka wodi ikalia. Walipoondoka, mifuko ya mchanga tuliikuta imekalishwa kwenye stuli. Dada mmoja wa sauti ya pili alimhurumia, akaona ampumzishe kidogo.

Kanuni ya kutomlisha mgonjwa bila kumwuliza muuguzi nayo ina mwenyewe. Mtu anayekwenda kupasuliwa hafai kuwa na kitu tumboni, kwa sababu akiwa usingizini chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Sasa nenda kamweleze hayo shangazi aliyetoka kijijini na sato wa kuchemsha kwenye kontena. Mmoja aliniambia, macho makavu, "Sista, hata ng'ombe hapelekwi kulima na njaa." Mgonjwa alikuwa ameshamaliza hadi kichwa cha samaki. Upasuaji ukaahirishwa, na daktari wa upasuaji hakuongea na mtu mpaka jioni.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa umuhimu wa geti. Geti letu lilikuwa la chuma, mteremkoni, likitazama ziwa. Mlinzi wake alikuwa mgambo wa zamani ambaye kila mtu alimwita Afande. Wageni waliruhusiwa asubuhi kuleta uji, mchana kuleta chakula, na jioni saa kumi kuona wagonjwa. Nje ya hapo mgonjwa alibaki na ndugu mmoja tu, mwenye kadi. Watu walikuwa wakimwimbia Afande, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Naye akiwajibu bila kucheka, "Hapa mgeni njoo saa kumi." Nilimpenda sana mzee yule.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Misungwi, kwenye kituo cha afya kisicho na geti wala uzio. Kule wageni walilala chini ya vitanda, walipika nyuma ya jengo, na asubuhi ulihesabu vichwa usijue mgonjwa ni nani. Nikajipa kazi ya kuweka utaratibu. Kila anayeleta chakula apite mlangoni, anawe mikono, aingie mmoja mmoja. Ikaenda vizuri wiki ya kwanza, mpaka nilipomkuta mwanamume mmoja amesimama nje ya dirisha la wodi ya akina mama, mgongo umelielekea dirisha, mkono umerudi nyuma umeshika chupa ya uji. Ndani, mama mmoja mtu mzima aliipokea ile chupa huku naye akitazama ukuta.

Nilimfuata. "Kaka, mlango uko wazi. Kwa nini unapitishia dirishani?"

"Ni mkwe wangu, sista," akasema kwa sauti ya chini, kama nimemfumania.

"Sasa kama ni mkwe wako si ndiyo uingie umsalimie?"

Alinitazama kwa huruma. Jioni Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Msukuma wa pale pale, akanieleza kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, na kwamba kumwona amelala kitandani ni jambo lisilosemeka. "Na baba mkwe na mke wa mwanawe, vivyo hivyo," akasema. "Wanapeana njia. Si chuki, sista. Ni heshima. Wewe umeweka mlango mmoja, umesahau kuna watu wawili wasioweza kuutumia pamoja."

"Kwa hiyo niache dirisha?"

"Acha dirisha. Ila aliyeshika chupa anawe mikono."

Niliporudishwa hospitali yetu ya mjini nilikuwa nimekomaa, nikapewa wodi ya watoto kuwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Matroni wangu wa kwanza alikuwa amestaafu. Afande bado alikuwepo getini, mvi zimemjaa. Nikamwambia wodi ya watoto si pa kuchezea, mtoto mwenye surua au kifaduro huambukizwa kirahisi na huambukiza kirahisi, kwa hiyo asiruhusu mgeni hata mmoja nje ya saa. Akanipigia saluti. Toka siku hiyo geti likawa geti kweli.

Sasa nifike kwa Minza.

Minza alikuwa binti mdogo, mke wa kwanza wa kijana mfugaji, kutoka vijiji vya ndani huko Misungwi. Aliletwa asubuhi na ndugu wa mumewe, mtoto mgongoni, homa kali ya malaria na damu imekwisha. Mtoto wa aina hiyo ukimfunua kiganja unakuta hakina wekundu hata kidogo. Ndugu wakabaki getini kama kanuni ilivyotaka, Minza akaingia peke yake na mwanawe mpaka dirisha la mapokezi.

Yaliyotokea pale tuliyajua baadaye. Karani alikuwa na kadi ya mtoto mwingine mkononi, Masanja Lubango, ambaye mama yake alikuwa ametoka kidogo kwenda kununua maji. Karani akamwuliza Minza mtoto wake anaitwa nani. Minza akanyamaza. Akamwuliza tena, Minza akainama. Foleni ilikuwa ndefu. Karani akaitazama ile kadi, akadhani huyu ndiye mama aliyekuwa anamsubiri, akauliza, "Huyu ndiye Masanja Lubango?"

"Eeh," Minza akasema.

Mama wa Masanja aliporudi hakuikuta kadi yake, akaandikiwa nyingine. Watoto wote wawili, wa umri mmoja, wa ugonjwa mmoja, wakapanda wodini kwangu kwa jina moja, wakabandikwa kwenye mkono plasta zenye maandishi yale yale, maana wakati ule hatukuwa na mikanda ya namba. Usukumani Masanja ni wengi, na zamu ya asubuhi ilikuwa imezidiwa. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha mainchaji.

Nilirudi wodini karibu na adhuhuri. Mawingu meusi yalikuwa yanapanda kutoka ziwani na upepo ulikuwa unapiga mapazia. Minza wa kitanda cha kona, ambaye sikuwa nimemwona kabla, akaniambia kwa Kiswahili cha kusitasita, "Sista, tufunge dirisha. Maji ya juu yanakuja."

Nikasimama. "Maji ya juu?"

Akaonyesha mawingu kwa kidevu. Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka kwa chini chini. Nikamwuliza kwa nini asiseme mvua. Akafunika uso kwa kanga. Mmoja wa wale waliocheka akasema, "Mwache, sista. Hawezi kusema. Mambo ya ukweni hayo."

Nilifunga dirisha huku nikijiuliza mvua na ukweni vinahusiana nini. Nilitaka kuketi naye nimwulize vizuri, lakini kulikuwa na mtoto wa degedege upande wa pili, nikaenda huko.

Mchana ule, baada ya saa ya chakula kupita na wageni kutolewa, damu ikaja kutoka maabara. Utaratibu wetu wa damu ulikuwa hivi: wauguzi wawili wanasimama kitandani, mmoja anasoma mfuko kwa sauti, mwingine anamwuliza mgonjwa au mama jina, wote wanasikia, ndipo inatundikwa. Damu isiyolingana humuua mtu kwa muda mfupi, na kwa mtoto ni mfupi zaidi. Mwenzangu akasoma, "Masanja Lubango." Nilikuwa nimeshamwona Masanja kitanda cha dirishani na mama yake. Mwenzangu akaelekea kona.

"Masanja yuko huku," nikasema.

"Huku pia," akasema, akanionyesha plasta ya mtoto wa Minza.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda cha Minza, jambo ambalo nilimkataza kila mgeni kulifanya. "Mwanangu, mtoto anaitwa nani?"

"Baba," akasema.

"Hilo ni la kumbembeleza. Jina lake."

Akafungua mdomo. Nakumbuka midomo yake ilivyotetemeka, na machozi yalivyotangulia. "Sista, siwezi. Ni mkwe wangu. Mtoto ni jina la mkwe wangu. Nikimtaja nimemtukana. Nimtukane mzee, na mtoto amelala hivi?"

Ndipo yale maji ya juu yakaniingia akilini. Mvua kwa Kisukuma ni mbula, hilo nilikuwa nimelijua kutoka Misungwi. Mtoto wa kiume aliyezaliwa kwenye mvua huitwa Mabula. Binti huyu alikuwa anamheshimu mkwe wake mpaka kwenye mawingu. Nilitaka kumwuliza, je, ni Mabula? Neno likafika kwenye meno. Nikamkumbuka yule mkulima wa pamba aliyekubali kuwa Askofu. Minza alikuwa ameshasema eeh kwa Masanja, angesema eeh kwa Mabula, angesema eeh kwa Yohana. Jibu nililolijua halikuwa na faida yoyote kama mimi ndiye niliyelitaja.

Daktari wa zamu alikuwa ameshafika, kijana makini, jasho linamtoka. Akaangalia macho ya mtoto wa Minza, akasikiliza moyo unavyokimbia. "Sista, huyu hana muda. Kwa nini damu haijatundikwa?"

"Sijui ni ya nani, daktari. Wako wawili, na sampuli iliyochukuliwa ni moja."

"Basi tuchukue upya kwa wote wawili, sasa hivi. Maabara wapime kundi."

"Kwenye kichupa cha huyu niandike nani?" Maabara haikupokea sampuli isiyo na jina, na ilikuwa sahihi kabisa kukataa.

"Andika lolote!"

"Ndivyo walivyoandika asubuhi, daktari."

Nilidhani atanifokea, wala nisingemlaumu. Akavuta trei ya sindano. "Mimi natoa damu kwenye kichupa sasa. Wewe tafuta jina. Nikimaliza kabla hujarudi, nitakulaumu maisha yangu yote."

Nilikimbia. Muuguzi hakimbii koridoni, ni kanuni nyingine tuliyofundishwa, kwa sababu ukikimbia wewe wagonjwa wote wanajua kuna jambo. Nilikimbia hivyo hivyo, kofia ikaanguka, mvua ikaanza nikiwa mteremkoni. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

"Afande, fungua!"

"Saa kumi bado, sista. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Mimi ndiye ninayekwambia sasa. Ndugu wa yule binti wa Misungwi, mwenye mtoto, wako wapi?"

Akanionyesha kwa rungu kibanda cha bati upande wa pili wa barabara. Watu walikuwa wamejikunyata pale wakikwepa mvua. Nikavuka nimelowa, nikasema kwa sauti kubwa, bila hata salamu, "Nani hapa anaweza kulitaja jina la mtoto wa Minza?"

Wakatazamana. Kulikuwa na mama mtu mzima, kumbe ndiye bibi wa mtoto, akaangalia chini. Kijana mmoja akataka kusema, akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yake, akanyamaza. Huyo wa nyuma akainuka polepole. Mzee mwembamba, koti la zamani la suti, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Ni mimi," akasema.

"Shikamoo, baba. Nimeuliza jina la mtoto."

"Marahaba, mayu. Nimekusikia. Mtoto ni mimi. Mimi ni Mabula. Yeye ni Mabula."

Sikuwahi kusikia jina likitamkwa kwa utulivu namna ile. Nikamwomba alirudie pamoja na la baba wa mtoto, nami nikalirudia herufi kwa herufi, Mabula wa Nkwabi, huku maji yakitiririka usoni mwangu na Afande ameshika geti wazi kwa mwili wake wote. Yule kijana akaniuliza kama mtoto anahitaji damu. Nikamshika mkono bila kumjibu, nikapanda naye mlimani. Alikuwa baba mdogo wa mtoto.

Niliandika jina kwenye kichupa daktari akiwa bado ameshika sindano. Maabara wakapima wote wawili upya. Ule mfuko ulikuwa wa Masanja wa dirishani, akatundikiwa, akaupokea vizuri. Mabula alikuwa kundi jingine kabisa. Kama tungemtundikia ule mfuko, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia, au ningekuwa nayo na nisingeweza kuifungulia mdomo. Damu yake ilitoka kwa baba mdogo, ambaye alipimwa akakutwa kundi lake. Kabla ya giza kuingia mtoto alikuwa amefungua macho na anamtafuta mama yake. Daktari wa zamu akaja akasimama karibu nami, akanipa kofia yangu iliyookotwa koridoni. Nililia pale pale, na sikujificha.

Kesho yake jioni saa kumi Afande alipofungua geti, watu waliingia wodini wote isipokuwa yule mzee. Nilimkuta amesimama nje ya wodi, upande wa ukuta usio na dirisha, maana hakutaka kumwona mkwe wake amelala. Nikamchukua Mabula mdogo na dripu yake, nikamleta mpaka mlangoni. Mzee akaweka kidole kwenye kile kiganja.

"Wabeja, mayu," akasema, akinishukuru. "Mimi nilidhani hospitali mnawaita watu kwa magonjwa yao."

Nikamwuliza, kwa sababu nisingelala bila kuuliza, "Baba, kwa nini jana asubuhi hamkumwambia mlinzi kwamba binti hawezi kutaja?"

"Tulisubiri tuulizwe," akasema.

Niliyabeba maneno hayo kwa Matroni mpya. Yeye alikuwa mtu wa taratibu, hakupenda mambo ya mila kuingia kwenye kazi. Akaniambia, "Sista, tutafungua geti kwa kila mwenye desturi?" Nikamwambia hapana, geti libaki lilivyo, kifaduro hakijui desturi. Nilichotaka ni swali moja liulizwe kabla geti halijafungwa. Muuguzi atoke, awaulize walioleta mtoto: nani hapa anaweza kulitaja jina lake? Amruhusu huyo asogee, alitamke, naye muuguzi aandike mbele yake. Matroni akafikiri, akauliza litachukua muda gani. Nikamwambia muda mfupi kuliko kuahirisha upasuaji kwa ajili ya sato. Akacheka, akakubali. Afande ndiye aliyelishika kuliko wote, hata muuguzi akichelewa alikuwa analiuliza yeye mwenyewe, amesimama wima kama yuko gwarideni.

Nimefanya kazi kwingine baada ya hapo, wodi ya wazazi, kisha ofisi ya kudhibiti maambukizi, ambako kazi yangu ilikuwa kuwachungulia madaktari wakubwa kama wamenawa mikono. Nilistaafu na keki iliyoandikwa Sista Kwa Nini, kwa sababu kamati haikuwa na uhakika wa jina jingine. Sasa naishi Nyegezi na mwanangu na mke wake, nalima mchicha, naamka saa ile ile ya zamu ya asubuhi bila sababu. Vijana wananiambia siku hizi kila mgonjwa ana mkanda wenye namba na kompyuta inakataa ukikosea. Nafurahi kweli. Huwa nawauliza tu, hiyo namba ya kwanza kabisa, mliiandika kwa kumwuliza nani?

Juzi mkwe wangu, Limi, alijifungua. Limi anafundisha sekondari, ana shahada, lakini alilelewa na bibi yake kule Bujora, Usukumani. Miaka yote aliyokaa nyumbani kwangu hajawahi kunitaja. Naitwa Mama tu, na nilidhani ni mazoea ya kawaida. Mwanangu alikuwa safarini na lori lake, akapiga simu akaniambia jina alilompa mtoto wa kike, basi. Mama mzazi wa Limi alikuwa bado yuko njiani. Nikafunga uji kwenye chupa, nikapanda mlima wangu wa zamani nikiwa nimevaa kitenge.

Geti limefungwa. Mlinzi ni kijana wa kampuni, shati lililopigwa pasi, hanijui. "Bibi, saa ya kuona wagonjwa bado," akaniambia kwa heshima. Nilitaka kumweleza mimi ni nani. Kisha nikaona yuko sahihi, nikaenda kuketi kwenye benchi upande wa pili wa barabara, pale palipokuwa na kibanda cha bati. Niliwaza macho ya manjano ya kichanga, ambayo Limi aliyasema kwenye simu na sauti yake ikakatika. Kichanga mwenye manjano hupimwa damu mapema, na manjano yakizidi bila matibabu huweza kuharibu ubongo. Nilijua kila hatua ya kipimo hicho, na kujua huko hakukunisaidia kitu.

Geti likafunguliwa kidogo. Akatoka muuguzi mdogo sana, sare mpya, kichupa mkononi. Akatutazama sote tuliokuwa pale, akapaza sauti.

"Nani hapa anaweza kulitaja jina la mtoto wa Limi?"

Sikuwahi kufikiri lile swali linasikikaje ukiwa upande huu. Nikaweka chupa ya uji kwenye benchi, nikasimama.

"Ni mimi," nikasema.

"Shikamoo, bibi. Nauliza jina la mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia. Ni mimi. Andika jina langu, Nyangeta."

Akaweka kalamu kwenye kichupa. "Naomba herufi kwa herufi, bibi."

Nikamtajia.